Maswali ya Wasomaji: Coltrane Ukumbini, Kanda Moja na Maikrofoni Moja

Tangu tulipoigusia albamu ya mpuliza saksafoni wa jazz wa Marekani, John Coltrane, iitwayo Evenings at the Village Gate, ambayo ilirekodiwa klabuni New York mwezi Agosti mwaka 1961 na kutolewa Julai 2023, tumepokea barua kutoka pembe mbalimbali za Dar es Salaam. Nyingine zinapongeza, nyingine zinalalamika, na moja imenifanya nikae kimya kwa muda kabla ya kushika kalamu. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadili kinachoulizwa.

Ndugu mwandishi, albamu hiyo niliipakua kwa bando langu la wiki, nikaifungulia kwenye sabufa sebuleni ili familia nzima isikie. Dramu zinaunguruma mbele kabisa, saksafoni inasikika kama mtu anayepigia chumba cha pili, na besi naitafuta siioni. Hivi kampuni imeshindwa kusafisha sauti ya mtu mkubwa namna hiyo? Na kwa nini kazi hiyo ilifichwa miaka 62? — Msomaji wa Tabata

Ndugu yangu wa Tabata, bando lako halikupotea, ila umekipokea kitu hicho kwa jina ambalo hakikuzaliwa nalo. Kanda hiyo haikurekodiwa ili iwe albamu. Fundi mitambo kijana, Richard Alderson, alikuwa akiujaribu mfumo mpya wa sauti wa klabu ya Village Gate, iliyokuwa katika mtaa wa Bleecker, eneo la Greenwich Village. Alining'iniza maikrofoni moja ya utepe juu ya jukwaa, akawasha mashine ya kurekodi, akawaacha wanamuziki wafanye kazi yao. Alichotaka kujua ni jinsi ukumbi unavyosikika, na waliokuwa jukwaani wakati huo, kwa bahati yetu, walikuwa Coltrane na wenzake.

Maikrofoni ya utepe ina ukanda mwembamba mno wa alumini uliotundikwa katikati ya sumaku. Hewa ikitikisika, ukanda nao hutikisika, na mtikisiko huo hugeuka kuwa umeme mdogo unaokwenda kwenye mashine. Chombo hicho hakijui nani ni kiongozi wa bendi. Studioni kila ala hupewa maikrofoni yake, kisha fundi akaketi na kuamua nani apandishwe na nani ashushwe, lakini hapa mchanganyiko wote ulifanywa na hewa ya ukumbi, na kilichochanganyika hewani siku hiyo hakitenganishiki kwa mbinu za kawaida: ukiipandisha saksafoni, dramu zinapanda nayo. Elvin Jones, mpiga dramu wa Coltrane, alikuwa na mikono mizito na matoazi yasiyopumzika, hivyo si ajabu kwamba ndiye aliyeuteka utepe ule. Besi ya mbao, hata ikipigwa na bingwa, sauti yake ni ya chini na huzama kwa urahisi mbele ya matoazi. Kwa hiyo kampuni haikushindwa kazi. Binafsi nafurahi kwamba waliiacha ilivyo, kwa sababu anayesikiliza kanda hii anapewa kiti kimoja ndani ya klabu, naye hana ruhusa ya kukihamisha.

Sabufa nayo ina mchango wake katika malalamiko yako. Spika hizo zimetengenezwa kwa muziki ambao besi yake imepikwa studioni, na zikipewa kanda ya namna hii huokota mngurumo wa ukumbi na vishindo vya ngoma ya mguu, kisha huvikuza mara mbili. Punguza kitufe cha besi mpaka chini, au tumia spika moja ndogo, kwa kuwa kanda yenyewe ina mkondo mmoja wa sauti na spika ya pili haiongezi habari yoyote. Kisha usiihukumu kabla ya dakika kumi. Sikio hukizoea chumba kama jicho linavyozoea giza, na ukifika katikati ya wimbo wa kwanza utaanza kuisikia piano ya McCoy Tyner mahali ambapo mwanzo ulidhani hapana kitu.

Kuhusu kufichwa, hakuna aliyeificha. Kanda za Alderson zilihama mikono, zikaingia katika mkusanyiko uliokuja kuhifadhiwa na Maktaba ya Umma ya New York, tawi la sanaa za jukwaani, na humo zikatulia pamoja na maelfu ya kanda nyingine. Zilionekana baada ya nusu karne na zaidi, wakati watu walipokuwa wakitafuta kanda za mwanamuziki mwingine kabisa, Bob Dylan. Kutoka hapo ilibaki kazi ya kutambua nani anapiga nini, kuzungumza na wenye haki, na kuiandaa kwa ajili ya kampuni ya Impulse, ambayo Coltrane alikuwa ameanza kurekodi nayo mwaka huohuo wa 1961. Ndiyo maana nasema kanda haikufichwa. Ilikosa tu mtu wa kuliita jina lake.

Tena isingekuwa rahisi kuiuza wakati ule. Upande mmoja wa santuri ya LP ulibeba takriban dakika 20 tu, na watu hawa walikuwa wakipiga wimbo mmoja kwa robo saa bila kuona aibu. Albamu nzima ina nyimbo tano kwa dakika 80. Isitoshe, mwezi Novemba 1961 jarida la Down Beat la Marekani lilichapisha maneno makali ya mhakiki John Tynan, aliyeuita muziki wa Coltrane na mpulizaji mwenzake jukwaani, Eric Dolphy, kuwa ni jazz inayoipinga jazz. Mashambulizi yaliendelea kiasi kwamba mwaka uliofuata jarida lilelile liliwapa wawili hao nafasi ya kujibu. Ukimsikiliza Dolphy katika kanda hii, kwenye klarineti ya besi inayokoroma, kucheka na kupiga kelele kama ndege aliyeshtuliwa, utaelewa kwa nini baadhi ya watu walishika vichwa. Alifariki Berlin mwezi Juni 1964 akiwa na miaka 36 tu, na rekodi za bendi iliyowaweka pamoja yeye na Coltrane si nyingi, kwa hiyo kila dakika iliyookolewa ina uzito.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na nimeona wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unaitwa "Africa". Je, Coltrane alikuwa na habari nasi huku, au lilikuwa jina la mapambo tu? — Mwanafunzi, Mlimani

Marahaba, mwanangu. Alikuwa na habari, ingawa hakuwahi kukanyaga bara hili hadi alipofariki tarehe 17 Julai 1967 akiwa na umri wa miaka 40. Miezi ya Mei na Juni 1961 alikuwa studioni akirekodi albamu ya Africa/Brass, ambayo wimbo huo unaujaza upande wake mmoja wote kwa dakika 16, akizungukwa na kundi kubwa la wapuliza ala za shaba. Miezi michache baadaye, pale Village Gate, wimbo huohuo ulipigwa bila kundi hilo na ukafika dakika 22. Hadi leo ndiyo rekodi pekee inayojulikana ya wimbo huo ukipigwa mbele ya watu, na kwangu mimi sababu hiyo peke yake ingetosha kuitoa kanda yote.

Sikiliza jinsi walivyofidia upungufu wa watu. Wapiga besi ni wawili, Reggie Workman na Art Davis. Mmoja anapong'ang'ania noti chache kama mwenye kinu anayetwanga bila kubadili mwendo, mwingine anazunguka juu yake akijibu na kuuliza. Elvin Jones naye anapanga mapigo matatu juu ya mawili, na mawili juu ya matatu, mpaka mguu wako hauna hakika uangukie wapi. Aliyewahi kusimama karibu na wapiga ngoma watatu katika shughuli ya Wazaramo, kila mmoja na mkono wake, hatahitaji mwalimu wa jazz kumweleza kinachofanyika hapo. Sisemi kwamba Coltrane aliipata ngoma hiyo kwetu. Nasema masikio ya huku yana njia fupi ya kumfikia, na ni ajabu kwamba wengi wetu tunapita njia ndefu ya vitabu.

Tazama pia tarehe. Agosti 1961, wakati kanda inazunguka New York, Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi minne ipate uhuru wake wa tarehe 9 Desemba. Majina ya nchi zilizokuwa zikijikomboa yalikuwa magazetini kila siku, na wanamuziki Weusi wa Marekani waliyasoma kwa macho ya watu wenye kesi yao wenyewe mahakamani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1958, Coltrane alishiriki kurekodi na mpuliza tarumbeta Wilbur Harden wimbo uitwao "Tanganyika Strut", uliotungwa na mpuliza tromboni Curtis Fuller. Usitarajie kusikia humo kitu chochote cha Kigogo au cha Kinyamwezi, kwa maana ni jazz ya New York tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini jina letu lilikuwa kwenye karatasi ya studio miaka mitatu kabla ya bendera kupandishwa, na nadhani ni jambo linalostahili kujulikana na mwanafunzi wa Mlimani.

Kama hiyo ndiyo jazz, NUTA Jazz na Dar es Salaam Jazz zilikuwa zinapiga nini? — Mzee wa Magomeni

Zilikuwa zinapiga dansi, mzee wangu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Neno jazz lilifika pwani hii kama jina la bendi ya kisasa yenye ala za kizungu, ndiyo maana Dar es Salaam Jazz Band ilijiita hivyo tangu mwaka 1932, na NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikafuata desturi hiyohiyo huku ikipiga muziki uliokaa karibu zaidi na rumba. Tofauti kubwa kwa mpuliza saksafoni ni kazi anayopewa. Katika dansi wapulizaji hukaa pamoja kama safu, huingia baada ya mwimbaji kumaliza ubeti, husema neno lao kwa pamoja, kisha huliachia gitaa nafasi. Coltrane yeye anachukua wimbo mfupi, anausema mara moja, halafu anaukalia kwa dakika kumi akiuchunguza kila upande. Si kwamba mmoja ni bora. Ila anayemngoja Coltrane amalize haraka ili kiitikio kiingie atangoja sana.

Mimi napuliza saksafoni ya tenor katika bendi moja ya hoteli. Nina rekodi nyingine ya zamani ya Coltrane, ile aliyopiga na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot. Kila nikijaribu kupiga sambamba nayo, noti zangu zinaangukia kati ya noti zake. Mwanzi wa saksafoni yangu ni mpya na piano ya hotelini inanikubali. Kosa liko wapi? — Mpulizaji, Kinondoni

Kosa huenda si lako wala si la mwanzi. Rekodi hiyo ina hadithi inayofanana na ile ya Village Gate, tofauti ni kwamba ya Five Spot ilitoka nyumbani kwa mtu. Naima, mke wa Coltrane wakati ule, alibeba mashine ndogo ya kurekodi pamoja na maikrofoni moja, akaenda nayo klabuni. Kampuni ya Blue Note iliitoa mwaka 1993. Mwanzoni ilidhaniwa ni ya mwaka 1957, ule ambao Coltrane alikaa na Monk kwa miezi kadhaa pale Five Spot, lakini baadaye ikabainika kuwa ni ya Septemba 1958, aliporudi kushika nafasi ya mpuliza saksafoni Johnny Griffin kwa muda mfupi. Umuhimu wake ni mkubwa kwa sababu mwaka 1957 wawili hao walikuwa chini ya kampuni mbili tofauti, Coltrane Prestige na Monk Riverside, na mikataba ikawabana hata studioni wakaacha nyimbo tatu tu za kundi lao la watu wanne.

Sasa kuhusu noti. Toleo la kwanza la kanda hiyo lilitoka kwa kasi isiyo sahihi, na lilisahihishwa katika matoleo ya baadaye. Kanda ikizunguka kwa kasi iliyozidi au iliyopungua, tempo na sauti vyote hubadilika kwa pamoja. Tofauti ya takriban asilimia 6 inatosha kuhamisha kila noti kwa nusu toni, na ikiwa tofauti ni asilimia 3, utajikuta hasa pale unapopalalamikia, katikati ya funguo mbili za piano. Tafuta toleo lililorekebishwa. Ukikosa, zipo programu za simu zinazoruhusu kubadili kasi ya muziki kidogo kidogo: uchukue wimbo unaoujua ufunguo wake, uisogeze kasi mpaka piano ya Monk ikubaliane na piano ya hotelini. Usiguse kile kitufe kinachobadili noti bila kubadili tempo, kwa maana kosa la kanda lilibadili vyote viwili, na dawa yake lazima ivirudishe vyote viwili.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi hukitumia. Mashine za zamani mara nyingi ziliokota mvumo mdogo wa umeme wa ukutani. Marekani mvumo huo huanzia mitikisiko 60 kwa sekunde, nasi huku ni 50. Ukiupata mvumo kwenye kanda na kuupima, unajua kanda ilizunguka kwa kasi gani. Namwomba mama anayefuata asome mistari hii pia.

Mwandishi mpendwa, marehemu baba yangu alikuwa na redio kaseti kubwa, akienda nayo ukumbini wikiendi miaka ya themanini na kurekodi bendi akiwa amekaa karibu na jukwaa. Ameniachia kaseti 31. Mwanzoni mwa kila moja anataja tarehe, ukumbi na bendi kwa sauti yake. Nimesoma habari ya Coltrane nikajiuliza: hizi zangu ni takataka au ni mali? Na naweza kuziuza? — Mama wa Buguruni

Mama, si takataka. Barua yako ndiyo iliyonikalisha kimya. Marehemu alifanya jambo ambalo hata Alderson hakutufanyia kikamilifu, kwa kuwa alitaja tarehe na mahali ndani ya kanda yenyewe, ambako lebo haiwezi kubanduka. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwa wingi, lakini ilirekodi studioni, nyimbo zikiwa zimepangwa na kupimwa muda. Jinsi wimbo ulivyonyooshwa saa saba usiku, wakati wapulizaji wamepata moto na watu hawataki kukaa, ni jambo lililohifadhiwa na watu wachache sana, nao ni watu kama baba yako.

Kwanza usizipige. Najua ni neno gumu, maana unaitaka sauti yake, lakini joto na unyevu wa jiji hili huotesha ukungu juu ya utepe, na kaseti yenye ukungu ikipigwa kwenye redio ya kawaida huchafua kichwa cha mashine na kukwaruza kila kinachofuata. Ukiona unga mweupe kupitia kile kidirisha, iweke kando na nyingine. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku yake, na zisikae kabatini jikoni. Mtafute fundi mwenye deki nzuri iliyosafishwa, si redio ya mkononi, na umwombe azihamishie kwenye kompyuta kwa faili zisizobanwa, kila upande mara moja, bila kuondoa kelele zozote. Kelele ziondolewe baadaye kwenye nakala. Wapo mafundi wanaoanza kwa kusafisha na kumaliza kwa kuua matoazi. Redio ya marehemu kama ilikuwa ikitumia umeme wa ukumbini, fundi autafute ule mvumo wa 50 niliomweleza mpulizaji wa Kinondoni. Kama ilikuwa ikitumia betri, ambazo zikichoka huchelewesha kasi, basi atumie masikio na ala moja iliyonyooka.

Kuhusu kuuza, tenganisha vitu viwili. Kaseti ni zako, umerithi plastiki na utepe. Muziki uliomo si wako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na wapigaji nao wana haki zao juu ya walichokipiga. Hata kanda ya Coltrane haikutoka kwa sababu tu ilionekana. Ilibidi wenye haki wakubali. Kwa hiyo usimkabidhi nakala mtu anayekuahidi fedha za mtandaoni kabla hajaonyesha maandishi ya makubaliano na wanabendi walio hai au warithi wao. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ndipo mahali pa kuanzia kuuliza nani amesajili nyimbo zipi. Wazee wa bendi hizo wengi bado wako Ilala, Kinondoni na Temeke, na nadhani mwanamuziki aliyesikilizishwa usiku wake wa ujana atakuwa tayari kuzungumza nawe kuliko ofisi yoyote.

Kabla ya yote hayo, leo hiihii, chukua bisibisi ndogo uvunje vile vimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti. Vikishavunjika, mashine haitakubali kurekodi juu yake, hata mjukuu akibonyeza kitufe chekundu.